Katalisti mpya, monita zisizokamilika: kisa cha sedani iliyokwama kwenye ukaguzi wa moshi Dallas

Gari lenyewe ni sedani ya Kijapani ya mwaka 2008, injini ya silinda 4. Mwenye gari ni dada muuguzi wa zamu za usiku, anaishi kusini mwa Dallas, na hospitali anayofanyia kazi iko kama kilomita 6 kutoka nyumbani kwake. Gari lilifeli ukaguzi wa moshi mara ya kwanza kwa sababu isiyo na utata: taa ya injini inawaka na msimbo wa hitilafu P0420 umo ndani ya kompyuta ya injini, yaani katalisti, kile kipande cha ekzosi kinachosafisha moshi, hakifanyi kazi kwa kiwango kinachotakiwa. Gereji moja ikamfungia katalisti mpya, ikafuta msimbo, taa ikazimika. Akarudi kituoni na risiti yake.

Likafeli tena. Safari hii hakuna msimbo, taa haiwaki, injini imetulia kabisa. Karatasi ilionyesha tu kwamba monita tatu, yaani majaribio ambayo kompyuta ya injini inajifanyia yenyewe, hazijakamilika: ya katalisti, ya sensa za oksijeni zilizo mbele na nyuma ya katalisti, na ya mvuke wa petroli. Gereji wakamwambia maneno ambayo wenye magari huambiwa kila siku katika hali hii: "Endesha tu, zitajiweka zenyewe." Akaendesha. Wiki zikapita, tarehe ya kusajili gari upya ikakaribia, monita bado zilezile tatu. Hapo ndipo gari likaletwa kwangu, na la kwanza alilosema mwenyewe lilikuwa, "Kaka, hii gari nimeizungusha Dallas nzima. Sijui inataka niende nayo wapi tena."

Kwa msomaji asiyeishi Texas: tangu Januari 2025 ukaguzi wa usalama, ule wa breki, taa na matairi, umeondolewa kwa magari binafsi, lakini kaunti zinazozunguka miji mikubwa zimebaki na kipimo cha moshi, na Dallas imo. Kinahusu magari ya petroli yenye umri wa kati ya miaka 2 na 24. Usipopita, usajili hausogei. Na japo tunakiita kipimo cha moshi, kwa magari ya kuanzia mwaka 1996 hakuna anayeshika bomba la ekzosi. Mkaguzi anachomeka kifaa kwenye tundu la pini 16 lililo chini ya dashibodi na kuiuliza kompyuta ya injini mambo matatu: umeamuru taa iwake? una misimbo ya hitilafu? na majaribio yako umeyamaliza?

Swali la tatu liliwekwa kwa ajili ya wajanja. Ukifuta misimbo, au ukichomoa betri kwa muda, taa inazimika hapohapo na gari linaonekana zima. Kwa hiyo kompyuta hutunza orodha ya majaribio inayojifanyia yenyewe, na kila misimbo inapofutwa, orodha hiyo nayo inarudi mwanzo. Majaribio machache, kama lile la kuangalia kama silinda inakosa kuwaka, yanafanyika muda wote injini inapozunguka. Mengine yanasubiri masharti: joto fulani, mwendo fulani, mafuta kiasi fulani tangini. Hayo ndiyo monita zinazosumbua watu. Mwongozo wa EPA, mamlaka ya mazingira ya serikali kuu ya Marekani, unaruhusu gari la mwaka 2001 na kuendelea kupita likiwa na monita moja pungufu, na la 1996 hadi 2000 likiwa na mbili. California ni wakali zaidi: gari la petroli la mwaka 2000 kuja huku juu linavumiliwa kwa monita ya mvuke wa petroli peke yake.

Kuna kipengele ambacho dada huyu hakuambiwa na mtu. Gari likifeli kwa msimbo wa katalisti, likirudi kupimwa tena, monita ya katalisti lazima iwe imekamilika. Ile nafasi moja ya kusamehewa haiwezi kutumika hapo. Kwa hiyo kazi yetu ilikuwa na sura hii: katalisti lazima, na kati ya sensa za oksijeni na mvuke wa petroli, moja inaweza kubaki. Kwa kuwa kompyuta ya gari hili haijaribu katalisti kabla haijaridhika na sensa za oksijeni, mbili hizo zinakwenda pamoja. Mvuke wa petroli ndio utakaobaki ikibidi.

Sasa gari lenyewe. Kabla sijaliwasha nilifungua takwimu mbili ambazo hata programu za bei ya chini kwenye simu huonyesha, na ambazo sijui kwa nini mafundi wengi wanazipita: umbali uliotembewa tangu misimbo ilipofutwa mara ya mwisho, na idadi ya mara injini ilizopata moto, yaani kufikia joto lake la kazi, tangu wakati huo. Umbali: kilomita 21. Idadi ya kupata moto: 0.

Mtu aliyeizungusha Dallas nzima kwa wiki kadhaa hawezi kuwa na kilomita 21. Nikamwonyesha skrini. Akaitazama, kisha akatoa kwenye mkoba kifaa kidogo cha kusomea misimbo alichonunua mtandaoni. Kumbe kila asubuhi akitoka zamu alikuwa anakichomeka, anaangalia monita, akikuta bado anabonyeza "futa" ili gari, kwa maneno yake, "lianze upya na akili safi". Kila alipobonyeza, kazi yote ya usiku ilikwenda na maji. Lakini jambo lililonishtua zaidi ni alilotamka kwa kupitia tu: baadhi ya siku, hasa Jumapili akitoka kanisani, kifaa kilikuwa kinaleta "kamsimbo". Msimbo gani? Hakuukariri. Haukuwa ule wa katalisti, akaona si kitu, akaufuta.

Tulikubaliana kifaa kikae kwenye mkoba. Nilimwachia gari lake aende nalo kazini kama kawaida kwa muda, bila kufuta kitu na bila kugusa betri. Wapo watakaosema ningeanza kuliendesha mwenyewe siku ileile. Nilitaka kwanza kuona maisha halisi ya gari hilo yanaandika nini, maana gari halifeli kwenye karakana yangu, linafeli kwenye ratiba ya mwenyewe.

Liliporudi, umbali ulikuwa umefika kilomita 96. Msimbo hakuna. Monita zilezile tatu. Na idadi ya mara injini ilizopata moto ilikuwa bado 0.

Hapo kesi ilibadilika. Kompyuta huhesabu kwamba injini imepata moto pale joto la maji ya kupozea linapopanda angalau nyuzi 22 za Selsiasi kutoka lilipokuwa wakati wa kuwasha, na kufikia kama nyuzi 71. Kilomita 96 za safari fupifupi katika baridi ya Januari zinaweza kupunguza hesabu hiyo, sikatai. Kuifanya sifuri kabisa ni jambo jingine. Nilimuuliza kuhusu hita. Akacheka, akasema anaendesha na koti kwa sababu hita "inapuliza kama inaona aibu", na alidhani ndivyo gari la zamani linavyokuwa. Mshale wa joto kwenye dashibodi je? Uko karibu na katikati, chini kidogo, na haujawahi kumtia wasiwasi.

Ule mshale usimdanganye mtu. Katika magari mengi umetengenezwa makusudi usitikisike: ndani ya eneo pana la joto la kawaida unaganda palepale, ili dereva asije akaogopa kila anapopanda mlima. Namba halisi inatoka kwenye sensa, kupitia kifaa cha kusomea. Nikaliwasha na kuingia nalo barabarani, skrini ikiwa wazi kwenye kiti cha abiria. Kwenye taa za barabarani, gari likiwa limesimama, joto lilipanda taratibu hadi nyuzi 70 na kidogo. Nilipoingia barabara kuu na upepo ukaanza kupiga rejeta, likaanza kushuka: 69, 67, 65. Injini isiyo na tatizo hufanya kinyume. Ikishafika joto lake hukaa hapo, tofauti ya nyuzi mbili tatu, iwe imesimama au inakimbia.

Thamostati ya gari hili, kile kilango cha maji ya kupozea, inatakiwa ianze kufunguka kwenye nyuzi 82. Chini ya hapo inatakiwa ifunge kabisa, maji yazunguke ndani ya injini tu, yasiende kupoa kwenye rejeta. Hii ilikuwa haifungi. Na kompyuta ya gari hili haianzi kujaribu katalisti mpaka maji yafike nyuzi 75. Yaani dada angeweza kuendesha kutoka Dallas mpaka El Paso, mwisho kabisa wa magharibi ya Texas, kwenye baridi ile na monita ya katalisti isingesogea hata hatua moja, kwa sababu sharti la kwanza kabisa la jaribio halikutimia kamwe. Ushauri wa "endesha tu" unachukulia kwamba tatizo ni uchache wa kilomita. Monita iliyogoma inakuuliza sharti gani halijatimia, na jibu lake halipatikani kwa kuchoma petroli zaidi.

Kabla sijageuka kurudi niliangalia misimbo inayosubiri, ile ambayo kompyuta imeishuku lakini haijaithibitisha. Ulikuwepo mmoja: P0128, joto la maji liko chini ya kiwango cha thamostati. Nadhani huyu ndiye yule "kamsimbo" wa Jumapili. Kompyuta hukadiria joto ambalo injini ingepaswa kuwa nalo kutokana na hewa inayoingia na muda ilioendeshwa, kisha hulinganisha na sensa. Safari ya kilomita 6 ni fupi, kadirio halijafika mahali pa kutoa hukumu, gari limeshaegeshwa. Ndiyo maana siku za kazi hapakuwa na kitu. Safari ndefu ya Jumapili iliiruhusu kompyuta kumaliza hesabu yake na kuweka shaka. Lakini msimbo huu unahitaji kuonekana katika safari mbili zinazofuatana ndipo taa iwake, na kati ya safari hizo kulikuwa na kidole kwenye kitufe cha "futa". Gari lilijaribu kusema mara kadhaa likazibwa mdomo.

Swali la haki: je, thamostati ilisababisha ile P0420 ya mwanzo, na katalisti ilibadilishwa bure? Sidhani. Ili kompyuta itoe P0420 ni lazima jaribio la katalisti liwe limefanyika mpaka mwisho, na jaribio hilo halifanyiki injini ikiwa baridi. Kwa hiyo wakati msimbo ule ulipowekwa, injini ilikuwa bado inapata moto wake, ama kwa sababu thamostati ilikuwa haijaharibika, ama kwa sababu joto la kiangazi cha Texas lilikuwa linaficha uvujaji wake. Katalisti ya zamani ilikuwa imekufa kweli. Gereji ile siilaumu kwa hilo. Ninachowalaumu ni kukabidhi gari bila kuangalia joto la injini na monita, wakati walijua fika mteja anatoka hapo kwenda kupimwa.

Kubadilisha thamostati kwenye injini hii ni kazi nyepesi, haihitaji maelezo mengi: mwaga maji ya rejeta, fungua kifuniko chake, weka mpya na mpira wake. Nitasema mawili tu. Thamostati ya namna hii ina kitundu kidogo chenye kipini cha kutolea hewa, na kipini hicho lazima kikae upande wa juu, la sivyo hewa inabaki ndani na sensa inasoma uongo. La pili, nilipoitoa ile ya zamani niliiinua kuelekea dirishani ikiwa baridi kabisa. Ilitakiwa iwe imefumba. Mwanga ulipita upande mmoja, mwembamba kama ukingo wa kucha, na pale ilipotakiwa kukutana na kiti chake palikuwa na gamba la kutu limejibana. Uwazi mdogo kiasi hicho tu, na gari likakataliwa ukaguzi.

Baada ya kufunga na kutoa hewa, nilikuwa na uamuzi wa kufanya: nifute ule msimbo unaosubiri au niuache? Mkono wa fundi una mazoea ya kufuta. Niliuacha. Msimbo ambao haujathibitishwa hauwashi taa, na safari inayofuata ikipita salama unaondoka wenyewe. Kuufuta kungerudisha orodha nzima sifuri kwa faida ya kusafisha skrini.

Jumapili tukatoka nalo, mimi na mwenyewe, tukashika I-45 kwenda kusini kuelekea Ennis, barabara ambayo asubuhi ya Jumapili haina msongamano wa kukuvurugia mwendo. Gari lilikuwa limelala usiku kucha, kwa hiyo joto la maji na la hewa inayoingia vilikuwa karibu sawa, nyuzi 9 kwa 8. Hilo lina maana: kompyuta hulinganisha namba hizo mbili kujua kama injini ilianza ikiwa baridi kweli. Liliwashwa, likaachwa lingurume kwa dakika chache ili hita za sensa zijipime, kisha likaingia barabarani bila papara. Joto likapanda mpaka 83 na kukaa hapo. Hita ikaanza kupuliza moto wa kweli mpaka dada akavua koti.

Mwendo tulioshika ulikuwa karibu kilomita 90 kwa saa, njia ya kulia, mguu umetulia. Hili la mguu kutulia watu hulidharau. Jaribio la katalisti linahitaji injini ifanye kazi kwa mzigo usiobadilika kwa dakika kadhaa, na kila unapokanyaga ghafla kumpita mtu, au kuachia ukifunga breki, kompyuta inaliacha na kusubiri utulie tena. Anayetafuta monita asiendeshe kwa kasi. Baada ya muda tuliachia mafuta mahali penye mteremko, gari likapungua mwendo lenyewe bila breki, kwa kuwa sehemu ya jaribio la sensa ya nyuma hufanyika pale mafuta yanapokatwa na hewa tupu inapita kwenye ekzosi. Kisha tukashika mwendo tena.

Monita ya sensa za oksijeni ilikamilika kwanza. Ya katalisti ikafuata, kabla hatujafika Ennis. Dada alikuwa ameshika simu yenye programu ya kusomea, na neno lilipogeuka kuwa "Imekamilika" alinyanyua simu juu kama mtu aliyepata namba ya bahati nasibu.

Katika gari la umri huu jaribio lenyewe ni la werevu. Kompyuta inaibadili makusudi michanganyiko ya hewa na petroli, mara hewa nyingi, mara petroli nyingi, kisha inahesabu inachukua muda gani sensa iliyo nyuma ya katalisti kuhisi mabadiliko. Katalisti nzima ina madini ya seriamu ambayo hunyonya oksijeni ikizidi na kuitoa ikipungua, kwa hiyo mabadiliko yanachelewa kufika nyuma. Iliyokufa haina pa kuiweka oksijeni, na sensa ya nyuma inayumba karibu sawa na inavyoyumba ile ya mbele. Tulipokuwa kwenye mwendo wa kutulia, sensa ya nyuma ilikuwa imekaa karibu na volti 0.65 bila kurukaruka. Ndivyo inavyotakiwa.

Huku mitaani kuna watu wanauza vipande vya kuirudisha nyuma sensa hiyo isiguse moshi vizuri, au vifaa vya umeme vya kuidanganya kompyuta. Kwa sheria ya hewa safi ya Marekani ni kuharibu mfumo wa kudhibiti moshi, hakuna namna ya kulipamba. Hata bila sheria, kifaa hicho kisingesaidia kitu hapa. Gari hili halikuwa na msimbo wa kuficha, lilikuwa na jaribio lisiloanza.

Monita ya mvuke wa petroli ndiyo iliyobaki, na hii inastahili maelezo kwa sababu ushauri unaozunguka kuihusu umechanganya aina tofauti za magari. Kazi yake ni kuhakikisha tangi na mabomba yake hayavujishi mvuke hewani, na viwango vya Marekani vinataka kompyuta igundue hata tundu la upana wa milimita 0.5. Magari mengi hufanya jaribio hili baada ya kuwashwa yakiwa baridi, tangi likiwa kati ya asilimia 15 na 85. Ndiyo maana utasikia usijaze tangi pomoni wala usiliache likauke, na ukikaa kati ya robo na robo tatu hukosei kwa gari lolote. Gari hili ni la aina nyingine: lina pampu yake ndogo, na linajipima likiwa limezimwa, baada ya kukaa limeegeshwa kwa muda wa kama saa 5, dereva akiwa amelala. Unaweza kuliendesha kutwa nzima ukitafuta monita hiyo usiipate, kwa sababu inapatikana ukiwa umeliacha.

Nalo lina masharti yake ya joto, kati ya kama nyuzi 4 na 35, kwa maji na kwa hewa pia. Hebu weka hilo kwenye ratiba ya muuguzi wa usiku. Anaegesha hospitalini saa moja jioni. Saa 5 baadaye ni usiku wa manane, na usiku wa Januari Dallas unaweza kushuka chini ya nyuzi 4. Pampu haiamki. Anarudi nyumbani asubuhi, anaegesha, analala, na jaribio lingeweza kufanyika mchana wakati hali ya hewa ni nzuri. Lakini safari ya kurudi ilikuwa fupi na injini haikupata moto, na gari linataka liwe limeendeshwa vya kutosha kabla ya kujipima. Safari moja ya mzunguko mrefu kidogo kurudi nyumbani, kisha gari liachwe mpaka jioni bila mtu kuliwasha kwenda dukani, ingetosha.

Sikumshauri aisubiri. Tarehe ya usajili ilikuwa inabisha hodi, na monita moja pungufu inaruhusiwa mradi si ya katalisti. Tulichofanya ni kuhakikisha kabla ya kwenda kituoni: taa inawaka ukifungua swichi na inazima injini ikishawaka (taa isiyowaka kabisa nayo inafelisha), hakuna msimbo uliothibitishwa, P0128 imeshaondoka, na orodha inasoma pungufu moja. Nikamwomba pia asipitie popote pa kuchomoa betri njiani. Alidhani natania.

Gari likapita. Monita ya mvuke wa petroli ikajikamilisha baadaye, mchana mmoja likiwa limeegeshwa nyumbani, bila mtu kuifanyia lolote.

Limebaki jambo moja ambalo halijaisha, na nilimwambia wazi. Ukiacha neno "Imekamilika", kompyuta pia huhifadhi matokeo ya jaribio kwa namba, pamoja na kikomo ambacho namba hiyo haitakiwi kuvuka. Baadhi ya programu huonyesha ukurasa huo, na ni ukurasa wenye maana kuliko alama ya kijani. Katalisti yake mpya ilipita, lakini ilikaa karibu na kikomo kuliko ninavyopenda kuona kwenye kifaa ambacho bado kina mng'ao wa dukani. Katalisti za bei nafuu zisizo za kiwandani huja na madini kidogo kuliko ile iliyotoka na gari. Inaweza kudumu miaka, inaweza kuchoka mapema, hasa kwa gari la safari fupi. Kwa utaratibu wa EPA, katalisti ya aina hiyo inatakiwa iwe na dhamana ya maili 25,000 kwa utendaji wake, kama kilomita 40,000. Kwa hiyo nilipiga picha ukurasa wa namba, nikamtumia, nikamwambia aiweke pamoja na risiti ya gereji yenye usomaji wa odometa wa siku ilipofungwa, na aje tuipime tena kiangazi kikianza, na mara nyingine tena kabla maili hizo hazijaisha. Ikishuka zaidi, atairudisha kwa walioifunga ikiwa bado ndani ya dhamana, akiwa na namba mkononi. Na kile kifaa chake kidogo anaruhusiwa kukitumia, kwa kusoma tu.